Kulaza Chombo

Katika nchi za kaskazini ya dunia, ambako maji hugeuka jiwe na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, mwenye gari la fahari, lile jepesi lililoundwa kwa ajili ya mbio wala si kwa mizigo, aghalabu halitumii mwaka mzima. Majani ya miti yaanzapo kupukutika, hulilaza. Neno hili la kulaza lafaa kuliko kuweka, kwa sababu matendo yake yakaribia ya mlezi kuliko ya mtunza ghala. Kwanza huliosha, hata chini ya tumbo lake, kwa kuwa chumvi ni rafiki mkubwa wa kutu. Kisha humwaga mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika na kutia mapya, maana mafuta machakavu hubeba maji na asidi, navyo hula chuma kimya kimya. Tangi hulijaza petroli hadi juu, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ndani yake. Betri huifungua na kuiweka mahali pakavu, kwani betri iliyoishiwa nguvu huganda na kupasuka. Matairi huyatia upepo kupita kiasi cha desturi, au gari lenyewe hulipandisha juu ya magogo, ili mpira usibonyee upande mmoja kwa kukaa. Breki ya mkono huiacha wazi, isije ikashikamana na gurudumu. Mwisho huziba bomba la moshi kwa kitambaa, kwa kuwa panya nao hutafuta nyumba wakati wa baridi, akalifunika gari kwa nguo ipitishayo hewa, akaenda zake. Huko Ujerumani desturi hii imeingia hata katika sheria: tangu mwaka 1997 mwenye gari aweza kupewa kibao cha namba kilichoandikwa mwezi wa kuanza safari na mwezi wa kukoma, na nje ya miezi hiyo gari halina ruhusa ya kukanyaga barabara.

Mtu wa Tabora asomapo habari hizi ana haki ya kutabasamu. Gari kulazwa miezi mitano kama mgonjwa, nalo ni zima! Kwake gari lisilokwenda ni gari bovu. Lakini shughuli hii ina jambo moja la kustahili kufikiriwa. Hapana tendo hata moja katika yote yaliyotajwa lenye faida siku litendwapo. Faida yake yote imo katika siku nyingine iliyo mbali, siku ya kuamsha. Alazaye chombo amekwisha kuamini mambo mawili: kwamba siku ile itafika, na kwamba siku ile itamkuta yeye.

Mabaharia wa bahari ya Hindi waliijua kazi hii karne nyingi kabla ya injini. Upepo wa kusi ufikapo kilele chake, kati ya Juni na Agosti, bahari ya Arabuni huchafuka hata chombo cha tanga hakithubutu. Katika miezi hiyo vyombo vya Omani na vya Ghuba vilipandishwa pwani na kupwelezwa, tanga likashushwa, na kamba zikawekwa kivulini. Mbao za juu zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake haisahauliki. Sehemu ikaayo majini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuwazuia wadudu wa baharini watoboao mbao. Nyufa zilitiwa kalafati. Lugha ya Kiswahili ina jina kwa kila kazi katika hizo, na jambo hilo peke yake ni ushahidi kwamba hazikuwa kazi za kubahatisha.

Bara hakuna kusi, lakini njia ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji, nayo ilikuwa na majira yake ya kufunga. Mvua za Unyamwezi huanza yapata Novemba na hukoma Aprili au Mei. Mabonde hujaa, mito hupanda, na udongo hunasa mguu. Tena palikuwa na sababu nyingine, kubwa kuliko tope. Mpagazi Mnyamwezi, ambaye mabega yake ndiyo yaliyokuwa magurudumu ya biashara yote ile, alikuwa pia mkulima. Mvua zikinyesha alitaka kushika jembe lake nyumbani, na hapakuwa na kitambaa cha kutosha kumtoa shambani. Wasafiri wa Kizungu walioandika vitabu juu ya njia hii mara nyingi wameuita uvivu au hila ukaidi huu wa wapagazi. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Aliyeacha kupanda Desemba angekula nini Juni?

Basi Tabora ikawa mji wa kungoja. Burton na Speke waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857 walifika Kazeh, palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, wakakaa zaidi ya mwezi kabla ya kupata watu wa kuendelea nao. Nyumba za mji zilijengwa kwa shughuli hiyo ya kungoja. Tembe lina kuta nene za udongo, dari tambarare ya magogo iliyosiribwa udongo, na vyumba vilivyouzunguka ua, hata kwa nje huonekana ukuta tu. Moto haulipati kwa urahisi, wala mwizi. Ndani yake zililala robota za nguo, shanga, nyaya za shaba, na pembe za ndovu zikingoja kushuka. Lakini udongo uleule umkingao mwenye mali kwa mwizi humkaribisha mchwa. Robota iliyowekwa chini, wala si juu ya magogo au mawe, yaweza kuonekana nzima kwa nje na ndani yake ikawa vumbi.

Jambo hili lilidhihirika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872. Mwaka uliotangulia vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilifunga njia ya Ujiji, na mizigo aliyopelekewa Livingstone kutoka Unguja ilikwama hapo. Stanley aliilaza pamoja na yake katika tembe alilokuwa akikaa, kisha akazunguka kwa njia ya kusini kumtafuta mwenyewe. Waliporudi wawili hao mwezi wa Februari wakafungua makasha, walikuta mchwa wamekula vitako vya bunduki. Chuma kilikuwapo, mti umekwenda. Hata hivyo Livingstone alipata vitu vya kumfaa. Stanley alimwacha mwezi wa Machi, naye akabaki katika tembe lile mpaka Agosti, akiwangoja wapagazi ambao Stanley angempelekea kutoka pwani. Nyumba hiyo imejengwa upya na kufanywa makumbusho, na mgeni aendaye Tabora huonyeshwa.

Hasara ya mchwa ni ndogo ikilinganishwa na ile iliyompata Ujiji miezi michache kabla yake. Alipofika huko Oktoba 1871 akitoka Manyema, amechoka na amekonda, alitumaini kuikuta akiba yake. Alikuta si yadi moja iliyosalia katika yadi 3,000 za nguo, wala kete moja katika ratili 700 za shanga. Mtunzaji wake, aitwaye Sharifu, alikuwa amepiga ramli kwa Kurani, ramli ikamwambia kwamba mzee amekufa, naye akauza kila kitu kwa pembe. Yamkini ramli ilisema alilotaka kusikia. Lakini liko jambo ambalo watu husahau kwa hasira ya kisa hiki. Livingstone alikuwa ametoweka zaidi ya miaka miwili, na Ulaya nako walikuwako waliomhesabu kuwa marehemu. Sharifu hakukosa kwa kudhani kwamba mtu aweza kufa Manyema. Alikosa kwa kuifanya dhana yake kuwa ufunguo wa ghala la mwingine.

Miaka arobaini na mitatu baadaye njia ileile ilipitisha mzigo ambao wapagazi wasingeuweza. Reli iliyojengwa na Wadachi kutoka Dar es Salaam, iliyofuata kwa sehemu kubwa mapito ya misafara, ilifika Tabora 1912 na Kigoma mwezi wa Februari 1914. Juu ya reli hiyo ilipita meli. Ilikuwa imeundwa Papenburg, katika kiwanda cha Meyer, mwaka 1913, kisha ikakongolewa kipande kipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000. Mafundi watatu wa kiwanda, Rüter, Wendt na Tellmann, walifuatana nayo ili kuiunga upya kwa ribiti ufukoni mwa ziwa. Ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi, na jina lake Graf von Götzen. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, na kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha kuanza, ilitiwa mzinga kabla ya kuona abiria.

Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wakiikaribia Kigoma, na Wadachi wakajitayarisha kurudi nyuma kwa reli kuelekea Tabora. Amri ikatoka meli isiachiwe adui. Palikuwa na njia nyepesi ya kuitimiza: kutia baruti, kuvunja, kwisha. Rüter na wenzake hawakuifuata. Waliipaka mitambo yote grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi. Huko nako kulikuwa kulaza. Ilikuwa kazi ileile ya mwenye gari la fahari wa nchi za baridi, na ya nahodha wa Sur mwenye deheni mikononi; tofauti yake ni kwamba banda la kulazia lilikuwa ziwa, na majira yaliyongojwa kupita yalikuwa vita. Ziwa Tanganyika si la chumvi. Bahari isingalisamehe.

Mtu aweza kuwatazama mafundi hao jioni ile, mikono imetapakaa grisi, adui yu siku mbili nyuma yao, wakipaka hata sehemu ambazo hakuna jicho lingezikagua. Haraka ilikuwa kubwa, na kila mmoja alikuwa na udhuru wa kutosha wa kulipua kazi. Hawakulipua. Waliamini kwamba Wadachi watarudi na kuiamsha meli yao. Kigoma ilitwaliwa tarehe 28 Julai, na Tabora yenyewe tarehe 19 Septemba. Wadachi hawakurudi.

Hapa visa viwili vya njia moja hutazamana kwa namna ya ajabu. Sharifu aliamini kwamba mwenye mali hatarudi, naye akarudi. Mafundi wa Papenburg waliamini kwamba wenye mali watarudi, nao hawakurudi. Wote walikosea katika kubashiri. Ingekuwa thamani ya kazi ya mtunzaji yapimwa kwa usahihi wa matumaini yake, wote wangepata sifuri. Lakini imani ya Sharifu iliyaacha makasha matupu, na imani ya mafundi iliacha injini zima chini ya maji. Wapo watakaosema kwamba mafundi hao walimtumikia adui pasipo kujua, na kwamba askari mwenye akili angeivunja meli. Kwa hesabu ya vita neno hilo ni sahihi. Hesabu ya vita lakini ni fupi. Ya Afrika Mashariki ilifungwa Novemba 1918, na meli ilikuwa ingali chini na grisi yake.

Wabelgiji waliiinua, wakaivuta mpaka Kigoma, na mwaka 1920 ikazama tena kwa dhoruba ikiwa nangani. Waingereza, waliopata Tanganyika baada ya vita, waliiinua tarehe 16 Machi 1924. Walipoifungua mitambo waliona kwamba injini na maboila yafaa kutumika. Ilitengenezwa, ikaanza safari tarehe 16 Mei 1927 kwa jina la Liemba, ambalo ndilo Livingstone alilolisikia mwaka 1867 alipofika ncha ya kusini ya ziwa. Kwa hiyo meli ya Wadachi, iliyofufuliwa na Waingereza, ilipewa neno la wenyeji lililohifadhiwa na mtu ambaye nguo zake ziliuzwa Ujiji.

Injini zile za mvuke ziliendelea kufanya kazi mpaka miaka ya 1970, Tanganyika ikiwa imekwisha kupata uhuru na kuungana na Unguja na Pemba, ndipo zikatolewa na kutiwa za dizeli. Mwili wa meli ulibaki uleule uliopita Tabora ndani ya makasha. Mei 2015 maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, ambacho njia yake nyepesi ya kutokea ni ziwa. Hapakuwa na gati. Liemba ilitia nanga mbele ya kijiji, na watu wakapelekwa kwa mashua ndogo hadi ubavuni mwake, wazee, wajawazito, na watoto waliofungwa migongoni, wakapandishwa. Ilichukua watu wapatao 600 kwa safari moja. Iliwashusha Kigoma, ikarudi kuchukua wengine.