Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema kuwa mgeni akija, mwenyeji hupona. Mimi wageni waliniponya maradhi ya kusema nisilolijua, na dawa yake ilikuwa chungu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, likizo zangu nilizitumia kwa kutembeza wageni katika mji wa Lamu. Wengi wao hushuka kwa ndege katika kisiwa cha Manda, kisha huvuka mlango wa bahari kwa mashua. Niliwangoja gatini. Asubuhi mandhari yenyewe ilinisaidia kazi: maji yametulia, majahazi yametia nanga, mikoko ya Manda yaonekana ng'ambo, na majumba ya mawe yamejipanga pwani. Nilikuwa na ulimi mwepesi. Elimu ya mji nilikuwa nayo haba. Kwa kuwa nilizaliwa Langoni, nilidhani kuzaliwa mahali ni sawa na kupajua.

Siku moja niliwaongoza wageni watano mpaka Mkunguni, mbele ya ngome. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye daftari, akaniuliza ngome ile ilijengwa na nani. Sikujua. Niliona haya kunyamaza, nikajibu upesi kuwa ilijengwa na Wareno. Yule mama akaandika.

Karibu nasi mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini, naye Kiingereza alikisikia vema. Aliniita kando, akanena kwa sauti ya chini ili asinifedheheshe:

"Mwanangu, ngome ya Wareno iko Mombasa, walianza kuijenga mwaka 1593. Hii ilijengwa baada ya vita vya Shela, yapata mwaka 1812. Watu wa Lamu waliwashinda watu wa Mombasa na Pate, kisha wakachelea kisasi, wakaomba msaada kwa Seyyid Said wa Omani. Ngome ikamalizika yapata mwaka 1821. Mbona habari za wazee wako wawapa Wareno bure?"

Nikasimama baina ya njia mbili. Wageni wangeondoka kesho yake, na uongo wangu usingalijulikana. Lakini ulikwisha andikwa, na ungalisafiri mbali kuliko mimi. Nikarudi, nikawaambia, "Nimewadanganya kwa kuona haya. Sikujua." Nilitazamia dharau na kukosa ujira. Yule mama alifuta mstari wake, akaniomba nimlete mzee. Kwa muda wa saa nzima mzee alisimulia kwa Kiswahili, nami nikafasiri. Siku hiyo nilikuwa kiongozi kwa jina tu. Kwa hakika nilikuwa mgeni wa sita.

Tangu hapo nilishika desturi ya kuwauliza wazee na kusoma katika makumbusho ya mji kabla ya kufungua kinywa mbele ya watu. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji mkongwe wa Lamu miongoni mwa urithi wa dunia. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haimfundishi mtu habari za kwao akiwa amelala.

Sasa ninafundisha. Mwanafunzi akiniuliza nisilolijua, humjibu, "Sijui, twende tukaulize." Kahawa na halwa ni takrima njema, msomaji wangu, lakini mgeni huzimaliza papo hapo. Neno la kweli huenda nalo kwao.