Maua ya Pua, Maua ya Macho

Sisi tuliokulia Ngamiani, Tanga, hatukuwa na habari ya kununua mche wa maua. Mche uliombwa. Mama alipita kwa jirani baada ya alasiri, akatoa salamu zote, akauliza hali ya wagonjwa na ya watoto walioko masomoni, akanywa maji, na alipokwisha kuaga ndipo akashika jani la asumini iliyotambaa kwenye chanja, akasema tu, "Yako imeshika, shoga." Mwenye uani akielewa, aliingia jikoni kuchukua kisu. Kijitawi cha shubiri moja kiliondolewa majani ya chini, kikaviringishwa kwenye kitambaa kibichi, na kesho yake kilikuwa ndani ya kopo la samli lililotobolewa kwa msumari, kando ya mtungi, pale maji yanapodondoka na ardhi haikauki.

Leo unaingia kitaluni. Kando ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, miche imepangwa ndani ya viriba vyeusi, na kijana anakupokea: "Shikamoo mama, karibu uchague."

Kuchagua, basi, ndiko kulikokuja. Asumini ya kwetu ni nadra kuzaa mbegu, huendelezwa kwa vipandikizi, kwa hiyo asumini nyingi za mtaani zilikuwa kipande cha mti mmoja uliokatwakatwa kutoka uani hadi uani, na kila mti ulikuwa na nasaba yake: hii imetoka kwa mama wa barabara ya 12, naye aliletewa na wifi yake kutoka Pangani. Usingeweza kusema hutaki ya kawaida, unataka yenye petali zilizopandana. Ulipewa iliyopo ukashukuru. Kijana wa kitaluni anazo zote mbili.

Ila hata kuomba kulikuwa na kipimo chake, nacho kilikuwa pua. Mrehani ulikaa karibu na mlango wa jikoni ili anayepita aupanguse kwa kanga. Mlangilangi ulikuwa wa wenye viwanja vikubwa, nasi wengine tuliufaidi upepo ulipotuelekea. Asumini ilikuwa kazi ya watoto: jua likianza kupoa tulitumwa na sinia kuchuma matumba kabla hayajafunguka, maana hufunguka usiku, tukayatunga kwenye uzi tukigombania sindano. Magharibi ikiadhiniwa mkono wako usionekane mtini. Tuliambiwa wapo wengine wanaoipenda harufu hiyo, na hatukuuliza ni kina nani. Penye harusi, vikuba vilifungwa ukumbini kwa mrehani, asumini, vilua na vipande vya mkadi, na nyumba nzima ilinuka hadi kesho yake mchana. Bogenvilia haikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa ya ofisi za serikali na ya nyumba kubwa za Raskazone. "Lina miba, halinuki, la nini?" mama alikuwa akisema, na shauri likaisha.

Sasa bogenvilia ndiyo malkia. Ipo nyeupe, ya chungwa, ya rangi mbili kwenye kichala kimoja, hata iliyobebeshwa ili shina moja litoe rangi tatu. Ile rangi yenyewe si ua, ni majani tu yaliyolizunguka. Ua ni kale kadogo keupe katikati ambako hakuna anayekatazama. Pembeni yake imekaa adeniamu, yenye shina lililovimba chini. Hii ni ya kwetu kabisa, hujiotea porini kwenye nyika kavu, na utomvu wake ulipikwa kuwa sumu ya mishale. Kijana ananiambia aina hizi za petali nyingi asili yake ni Thailand. Imetoka porini kwetu, imerudi na bei. Nakiri ni nzuri, na haidai maji, jambo kubwa kwa mtu wa mgao.

Asumini ipo nyuma, penye kivuli cha banda. "Watu hawaiulizi sana, mama," anasema kijana, na ukiangalia tunavyoishi utaona kwa nini. Ua lake ni la usiku mmoja, asubuhi limeshaanguka. Mchana mti ni majani tu, na harufu haipigiki picha. Uani umesakafiwa kwa vitofali vya saruji, dirisha limefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Hata ukiipanda, harufu itaingilia wapi? Mlangilangi nao Wakomoro wanatoa mafuta ya maua yake, yanakwenda Ufaransa, na sisi tunauziwa yakiwa chupani.

Hata hivyo siutamani ule utaratibu wote. Kuombana kulikuwa na roho mbaya yake. Mpangaji mgeni alikaa mwaka bila kupewa hata jani, na waliogombana kwa ajili ya watoto walinyimana asumini miaka na miaka. Palikuwa na minong'ono ya vipandikizi vilivyochovywa maji ya moto kabla ya kutolewa kwa tabasamu. Kitalu hakiulizi wewe ni wa nani. Tena kijana huyu anaijua kazi. Amenieleza kuwa asumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya, hivyo ipogolewe bila huruma. Kwetu aliyeikata alionekana kama amemkata mtu.

Nimemuuliza habari ya kilua. Hakijui.

"Kinafananaje, mama?"

Nikamwambia ni kidogo, petali zake nene, kijani kinachoelekea manjano, na mtini usipokinusa hukitofautishi na majani. Ukikifunga kwenye pindo la kanga, kanga inanukia hata baada ya kufuliwa.

"Sasa hicho, mama, mteja atakionaje?"

Nilimlipa bei ya asumini mbili na bogenvilia moja ya chungwa. Hiyo ya chungwa alinipunguzia.