Mathare: Bonde Ambamo Mpira Hutafutwa kwa Ufagio

Msafiri anayetoka katikati ya jiji la Nairobi na kushika barabara ya Juja kuelekea mashariki huona dunia mbili kwa mara moja. Mkono wake wa kulia ni Eastleigh, mtaa wa maduka na magorofa, ambako pia ipo kambi ya jeshi la anga la Kenya. Mkono wake wa kushoto ardhi huporomoka ghafla kuelekea mtoni, na bondeni humo mabati yenye kutu yameshonana hata jicho lishindwe kutenga nyumba na nyumba. Hapo ndipo Mathare.

Bonde hilo lilikuwa machimbo ya mawe. Mawe yaliyochongwa humo yalijenga majumba ya Nairobi ya wakati wa ukoloni, na waliobaki na shimo ni wale wasiokuwa na majumba. Katika miaka ya hali ya hatari, baada ya 1952, serikali ya kikoloni ilibomoa vibanda vya Mathare kwa kuwashuku wakazi wake kuwa wanawaunga mkono wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu walirudi kwa wingi, wakitoka mashambani kutafuta kazi. Walijenga kwa mbao, udongo na mabati, bila mitaro wala gari la kuzoa taka. Wengi waliishi kwa vibarua, wengine kwa kupika chang'aa kando ya mto.

MPIRA WA MAKARATASI

Mtoto wa Mathare hakuwahi kungoja duka limuuzie mpira. Alikusanya mifuko ya plastiki iliyotupwa, akaikunja, akaifunga kwa kamba mpaka ikawa duara, akacheza. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, matambara na sponji vimechukua nafasi yake, lakini ufundi ni ule ule. Mpira wa namna hiyo haudundi sana, na mvua ikiunyeshea huwa mzito kama jiwe. Hata hivyo, hauna mwenyewe mmoja, wala hakuna awezaye kuuchukua kwenda nao nyumbani akavunja mchezo.

Mwaka 1987 raia mmoja wa Kanada aliyeitwa Bob Munro, aliyekuwa akifanya kazi za mazingira na maendeleo mjini Nairobi, aliwakuta watoto wakicheza hivyo. Walitamani mipira ya kweli, waamuzi na ligi. Munro angeweza kununua mipira kadhaa, kuigawa, kupigwa picha na kuondoka. Badala yake yalifanyika mapatano: watoto wakifanya jambo kwa ajili ya mtaa wao, nao watafanyiwa jambo, wasipofanya kitu, hawatafanyiwa kitu. Kutokana na mapatano hayo kilizaliwa chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kijulikanacho kwa herufi zake nne, MYSA.

POINTI ZA JALALANI

Jambo waliloombwa watoto hao lilikuwa mbele ya macho yao. Taka zilijaa vichochoroni, mitaro iliziba, na maji machafu yaliyotuama yaliwaletea wadogo zao maradhi ya kuhara. Kwa hiyo timu zilichukua reki, makoleo, mafagio na matoroli, zikaanza kusafisha. Kazi hiyo iliingizwa katika msimamo wa ligi yenyewe: timu iliyoshinda mchezo ilipata pointi tatu, lakini timu iliyokamilisha usafi wa sehemu yake ilipata pointi sita. Timu yenye washambuliaji hodari lakini wavivu wa kushika ufagio ilijikuta chini ya timu ya watoto wanyonge wenye bidii.

Mwaka 1992 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilikitunukia chama hicho tuzo yake ya Global 500.

Ni rahisi kudhani kwamba haja ya mtoto maskini ni kupewa vifaa tu. Mathare inafundisha zaidi. Mpira wa ngozi uliopokewa bure hupasuka upesi juu ya kokoto, na ukishapasuka watoto hukaa kungoja mfadhili mwingine. Lakini mpira uliopatikana kwa jasho hutunzwa: hutiwa viraka, hujazwa upepo, hufichwa mvua isiulowe. Viatu navyo, vingi vikiwa vimekwisha kuvaliwa na wengine ng'ambo kabla ya kufika katika soko la mitumba la Gikomba, hupita mguu hata mguu. Anayetoka uwanjani humvulia anayeingia; kaka akikua, mdogo wake hurithi. Katika maisha ya namna hiyo neno "kuukuu" halina aibu. Kifaa kuukuu kinachochezewa kina thamani kuliko kipya kilichofungiwa kabatini.

VIJANA NDIO WENYE CHAMA

Sifa kubwa ya chama hicho ni kwamba kinaendeshwa na vijana wenyewe. Wachezaji huchagua viongozi wa kanda zao, na wengi wa viongozi hao ni wa umri ambao kwingineko wangeambiwa wanyamaze wakubwa waseme. Hao ndio wanaopanga michezo, kuwafunza waamuzi na kusimamia usafi. Kijana anayejitolea hujikusanyia pointi, na wenye pointi nyingi hulipiwa karo, ambayo hupelekwa shuleni moja kwa moja. Aidha, ziko kadi za manjano na nyekundu kama kwingineko, lakini ipo pia kadi ya kijani, anayopewa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wenzake.

Mwaka 1992 wasichana nao waliingia uwanjani. Haikuwa rahisi. Akina mama wengi waliwategemea binti zao kuteka maji, kupika na kulea wadogo, na baadhi ya wazazi waliona mpira ni mchezo wa kuharibu mwana. Mtoto wa kike hakukosa viatu tu. Alikosa hata saa moja ya kuvivaa. Saa hiyo haipatikani kwa kumpelekea mzigo wa vifaa. Hupatikana kwa kuzungumza na mama yake, na kwa kumkumbusha kaka yake kwamba ndoo ya maji haichagui mikono.

Matunda yalionekana mbali. Mwaka 1994 chama kilianzisha timu ya wakubwa, Mathare United, iliyotwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Kenya ilipocheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka 2004, baadhi ya wachezaji wake walitoka katika timu hiyo. Mwaka huo huo wa 1994 vijana walianza kufunzwa juu ya UKIMWI ili wawafunze wenzao. Mwaka 1997 baadhi yao walipewa kamera za bei rahisi wapige picha za maisha yao wenyewe, na picha hizo zikawa kitabu mwaka 1999. Hawakusahau pia watoto waliokamatwa mitaani na kuwekwa mahabusu. Walijaribu kuwasaidia kwa chakula na kuwatafutia njia ya kurudi makwao.

Haifai kusema kwamba mpira umeiponya Mathare. Mwishoni mwa Aprili 2024 mto ulifurika, ukaua watu na kusomba nyumba, na waliojenga ukingoni wakaambiwa wahame. Viwanja ni vichache, na katika jiji lenye njaa ya ardhi, uwanja usio na ukuta ni kishawishi kwa mnyang'anyi. Kijana wa bondeni na askari wa doria bado hutazamana kwa mashaka mara nyingi.

Lakini penye mashaka hayo ndipo funzo la Mathare linapozihusu kambi na familia za askari. Kambi nyingi zina kitu ambacho bonde hilo halina: kiwanja kipana, kilichosawazishwa. Nyingi zina stoo yenye jezi zilizopauka, nyavu zilizokatika na mipira iliyosinyaa, vitu vilivyofutwa katika hesabu lakini havijafa. Mama akivishona, kijana akivipanga, na watoto wa nje ya uzio wakaalikwa kuvitumia pamoja na watoto wa ndani kwa masharti yale yale, kazi kwanza na mchezo baadaye, basi mtoto atamjua askari kwa jina lake kabla ya kumjua kwa sare yake. Ufagio ni wa bei ndogo, na kila nyumba inao.