Daftari la Mwalimu wa Zamu

Nilipoanza kufundisha Kanda ya Ziwa, katikati ya miaka ya 1990, mwanafunzi aliyeumwa alikuwa kwanza mshtakiwa. Alisimama mbele ya mwalimu wa zamu akajieleza, naye mwalimu akamkagua usoni. Kuna mchakamchaka? Leo bweni lake linachota maji? Basi huyo ni mtegaji. Akiaminika alipewa Panadol mbili na ruhusa ya kulala. Asipoaminika alipewa jembe.

Sisemi walimu wale walikuwa wakatili. Malaria ilituzoesha ugonjwa unaoonekana: joto, kutetemeka, kutapika. Maumivu ya selimundu hayaonekani. Seli nyekundu zikigeuka umbo la mundu huziba mishipa midogo, na mfupa ulionyimwa damu huuma kiasi cha kumliza mtu mzima, huku kipimajoto kikiwa hakina la kusema. Jana mwenye selimundu kacheza netiboli, leo hawezi kunyoosha mguu. Macho yakiwa na rangi ya njano, wenzake wanahama kitanda wakidhani ataambukiza.

Wanafunzi hawa si wachache. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kanda yetu ina wengi, kwa sababu malaria ilitawala huku: anayerithi kinasaba kimoja tu hukingwa kiasi na malaria kali, hivyo kinasaba kikadumu. Anayerithi viwili ndiye anayelipa. Zamani wengi hawakufika sekondari. Siku hizi wanafika, kwa chanjo, kwa kugunduliwa mapema, na kwa dawa ya haidroksiyurea, ambayo utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa 2019 ulionyesha kuwa hupunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu na hata vifo.

Kwetu mabadiliko hayakuletwa na waraka. Yaliletwa na mama mmoja aliyemsindikiza bintiye kidato cha kwanza akakataa kuondoka.

“Mwalimu, fomu ya daktari niliileta,” alisema. “Nani ameisoma?”

Ilikuwa kabatini kwa mkuu wa shule, na funguo alikuwa nazo yeye. Mkuu akaeleza, kwa haki kabisa, kwamba habari za mgonjwa ni siri.

“Sawa, mkuu. Mwanangu akizidiwa saa nane usiku, utaamka wewe?”

Kisha akasema siri ni ya binti, na binti yupo, aulizwe. Binti akataja anaotaka wajue: matroni, walimu wa zamu, na rafiki aliyelala kitanda cha juu. Wengine hapana. Hadi leo sijaona utaratibu bora kuliko huo, na ulitungwa na mtoto wa miaka kumi na minne.

Hapo ndipo daftari la zamu likapata kurasa za mbele. Kila mwenye ugonjwa wa kudumu ana ukurasa wake: anaumwa nini, huanzaje, anatumia dawa gani, hospitali gani ina faili lake, simu ya nyumbani. Kwa mwenye selimundu tunaanza kwa kumwamini: maji mengi, blanketi, dawa ya maumivu aliyoandikiwa, na mtu wa kukaa naye. Halafu kuna mambo yasiyosubiri asubuhi: homa ya 38.5 au zaidi, kifua kuuma na pumzi kubana, mkono au mguu kulegea ghafla, viganja kupauka. Kwa wavulana tuliongeza uume uliosimama kwa saa kadhaa bila kulala, jambo ambalo mvulana hufa nalo kwa aibu asipoambiwa mapema kwamba linatokana na ugonjwa.

Lililotushinda zaidi lilikuwa dogo. Figo za mwenye selimundu hazibani maji, kwa hiyo anakunywa sana na kukojoa sana, wengine hata kitandani. Walimu waliokubali haraka kumpeleka hospitali waligoma kumruhusu atoke darasani mara tatu katika vipindi viwili. Tulibishana kuhusu choo kuliko tulivyowahi kubishana kuhusu damu.

Baadaye tukavuka upande wa pili. Asikimbie, asifagie, asiende ziara. Binti yule akanijia siku moja akiwa amekasirika: “Mwalimu, mimi naumwa siku chache tu kwa muhula. Siku nyingine mnanikataza kwa nini?” Tukamrudishia netiboli, na chupa ya maji pembeni ya uwanja. Kilichobaki kukatazwa ni kuoga maji ya baridi alfajiri, na hilo kwa kweli lingefutwa kwa wote.

Kinachosumbua bado ni usafiri. Gari la shule hulala kwa dereva, na dereva hulala mbali. Matroni ana namba za vijana wawili wa bodaboda na mmoja wa bajaji, na nauli ya usiku imetengwa kwenye bahasha. Mhasibu wetu, mtu mwema, bado anadai risiti.