Kariakoo ni Wapi?

Siku moja mpwa wangu akaaye Nairobi alinipigia simu. "Shikamoo, mjomba. Viatu vya ngozi vya bibi viko tayari kwa fundi, Kariakoo."

Mama yangu ni mzee, na miguu humsumbua. Basi nikaondoka mapema, nikazunguka Kariakoo yetu ya Dar es Salaam tangu Msimbazi hata Kongo, nikiuliza kila fundi. Jua likachwa. Nilipompigia, kijana akacheka: "Mjomba, ni Kariakoo ya huku Nairobi!"

Kweli, Nairobi nako kuna mtaa na soko la jina hilo. Wao huandika Kariokor. Hapa kwetu ni kata, tena ni soko lile kubwa alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua mwaka 2021. Hata Simba na Yanga wakikutana, twasema Dabi ya Kariakoo. Jina moja, mambo mengi.

Nilimsimulia mama, naye akacheka mpaka machozi. Kisha akanyamaza. Akasema, "Babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Hakurudi."

Hapo nikakumbuka asili ya jina. Waingereza walipoutwaa mji huu kwa Wajerumani mwaka 1916, jeshi lao la wapagazi lilipiga kambi mahali pale. Kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na neno la pili hutamkwa "koo". Watu wakasema Kariakoo. Nairobi nako ilikuwapo kambi ya wapagazi hao. Walibeba vyakula na risasi vichwani, porini na matopeni. Maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Mjini pana sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Mpagazi hana sanamu pale. Babu yake mama hana hata kaburi tunalolijua.

Viatu vilifika baada ya wiki mbili. Mama alivivaa, akaniomba nimpeleke sokoni. Tukasimama kando ya njia, vijana wakipita na mizigo mabegani, wakipiga kelele, "Pisha! Pisha!" Watu wakawasukuma na kuwatukana.

Mama akanivuta mkono. "Mpishe, mwanangu," akasema. "Amebeba."