Maji Yako Upande Gani?

Tulipoondoka Bunia, Yaya, ndugu yangu mkubwa, alidai kiti cha dirishani. Abiria mmoja akauliza dirisha la nini kwa mtu asiyeona. Yaya alitaka upepo. Kwa upepo huo alijua, kabla sijafungua mdomo, kwamba baada ya Komanda tumeziacha nyasi za Ituri na kuingia msituni. Harufu ya miti iliyolowa haikutuacha tena: Mambasa, Epulu, Nia-Nia, Bafwasende, gari likizama kwenye matope na kuchomolewa, mpaka Kisangani. Wote wawili hatukuwa tumewahi kufika huko.

Surua ilimpofusha akiwa na miaka tisa. Rangi anazikumbuka, ila zimebaki ndani ya vitu: kijani kwake ni sombe mbichi, nyekundu ni mawese. Alikuwa amealikwa na mchoraji mmoja wa mtaa wa Makiso, Kisangani, aje "kuona" mchoro wake mpya. Mimi nilipewa kazi ya kuwa macho yake, nikaiona nyepesi.

Asubuhi tulipanda toleka mbili, zile baiskeli za abiria, hadi kwa wavuvi Wagenia, yeye mbele, mimi nyuma nikimsikia akimhoji mwenye baiskeli kuhusu kila mteremko. Pale, kwenye poromoko la mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, mvuvi mzee alimshika mkono akampeleka kwenye miamba. Akamgusisha nguzo zilizosimikwa katika mashimo ya mawe, na kamba za mtambaazi zinazozifunga. Halafu akamletea mgono, ule mtego wa umbo la pia ambao mkubwa wake unamzidi mtu kimo. Yaya aliuzunguka akiupapasa, akauinamia mdomoni, akaingiza mkono mpaka begani. "Mdomo unaelekea maji yanakotoka," mzee akamwambia. "Mkondo wenyewe ndio unaomsukuma samaki ndani." Sikujua kwamba asubuhi ile ndiyo ingenisaidia mchana.

Mchoro ulikuwa umetandazwa ukutani, rangi za mafuta juu ya gunia la unga. Nikajikohoza nikaanza: "Ni Vita vya Siku Sita. Inasikitisha sana, Yaya."

"Hiyo ni hukumu, mdogo wangu. Nipe mchoro kwanza."

Vita vyenyewe anavijua. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu, makombora zaidi ya 6,000 yakaanguka juu ya watu ambao ugomvi haukuwa wao. Alichotaka ni kitu kilichokuwa ukutani. Nikaeleza moto, kwa kuwa jicho langu lilikimbilia moto. Akanikatiza: "Maji yako upande gani?" Hakuwa na mahali pa kusimama. Nikarudi nyuma: upana ni mikono yako miwili ukiinyoosha, mto unapita chini, kutoka kushoto hadi kulia, ukingoni kuna migono mitatu, midomo kushoto. "Basi maji yanatoka kushoto," akasema, na bega lake likasogea kama lililokuwa bado ndani ya mtego. Mbingu? "Mawese," nikasema. "Yaliyochemka au ya baridi?" Ya baridi, mazito, yamegandia juu ya paa.

Mchoraji, aliyekuwa kimya, alimtaja Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Mwaka 1973 na 1974 mtu huyo alichora historia ya nchi katika michoro 101, akamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian mchoro mmoja mmoja kwa Kiswahili cha Shaba, kinasa sauti kikizunguka. Hakungoja mtazamaji abahatishe. Mchoro na maneno vilitoka pamoja. Naamini kabisa kwamba ufundi huu ni wetu. Jumba la sanaa linalobandika kikaratasi chenye jina na mwaka tu limemwacha Yaya mlangoni, ingawa amelipa kiingilio kama mimi.

Nikaendelea. "Katikati kuna mwanamke anakimbia, amebeba mtoto."

"Mgongoni au kifuani?"

Nilikuwa nimeutazama mchoro ule kwa muda wa kutosha, nikadhani nimeumaliza. Nikasogea. Kifuani. Kitenge cha kubebea kimezungushwa mbele, fundo liko kwenye uti wa mgongo, na mgongo wenyewe umeelekezwa kule makombora yanakotoka.

Nikamwambia hivyo. Mchoraji aliinamisha kichwa. Yaya alipeleka mkono nyuma, akagusa mahali ambapo fundo lingekaa, akauacha hapo.

"Anza tena kushoto," akasema. "Safari hii polepole."