Mrihani wa Limau Katika Bustani za Java

Kisiwa cha Java, nchini Indonesia, kina eneo la kilomita za mraba zipatazo 130,000 tu, na mwaka 2020 kilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 150. Ardhi kama hiyo haichezewi. Ndiyo maana mgeni apitaye katika vijiji vya Wasunda, magharibi ya kisiwa, huona nyumba nyingi zimezungukwa na bustani iitwayo pekarangan: juu minazi, chini yake migomba na mipapai, na karibu na mlango wa jiko, mahali mama afikapo kwa hatua tatu huku sufuria ikiwa motoni, mmea mfupi wenye majani membamba na maua meupe. Wenyewe huuita kemangi. Ni mrihani, lakini jani lake likifikichwa hutoa harufu ya limau.

Harufu hiyo hutokana na mafuta ya aina ile ile iliyomo katika mchaichai. Kemangi ni chotara wa mirihani ya aina mbili, na mmoja wa wazazi wake huitwa kwa Kilatini americanum, ingawa asili yake ni Afrika na Asia, wala si Amerika! Chotara mwenyewe alipewa jina la africanum na padri Mreno, João de Loureiro, mwaka 1790.

Wasunda hupenda kuyala majani hayo mabichi, pamoja na tango na kabichi, wakiyachovya katika pilipili iliyopondwa juu ya jiwe. Samaki naye hupakwa manjano, vitunguu na pilipili, akatiwa kemangi, akafungwa katika jani la mgomba, akapikwa kwa mvuke na kisha kuokwa juu ya makaa. Chakula hicho hakidai mafuta mengi, na kwa mwenye mshahara mdogo hilo si jambo dogo.

Kuuotesha si kazi ngumu. Mbegu zake ni nyeusi na ndogo sana, nazo zikipata maji huvimba na kujivika ute. Hunyunyizwa juu ya udongo laini na kufunikwa kwa vumbi jembamba tu. Wanaozizika chini sana hungoja bure. Penye joto huota baada ya juma moja hivi. Miche huachiwa nafasi ya shubiri moja, mahali penye jua. Hata debe kuukuu lililotobolewa chini lafaa, na familia ikihamishwa, debe huhama nayo. Mmea ukifika kimo cha shubiri, ncha hukatwa ili utoe matawi, na vishada vya maua huondolewa mapema, kwa kuwa ukishazaa mbegu majani hupungua.

Miche miwili mitatu, hata hivyo, huachwa ichanue kwa ajili ya mbegu. Hiyo yapasa kuwa mbali na mirihani mingine, maana nyuki huchanganya chavua, na harufu ya limau yaweza kupotea katika uzao unaofuata. Vishada vikikauka hukatwa, hufikichwa, hupepetwa, na mbegu hutiwa katika chupa kavu. Msimu ukirudi, mkulima mwangalifu hufikicha jani la kila mche mchanga na kuunusa. Usionukia limau huung'oa.